Jiko Moja, Fungu Moja

Tofali la kwanza lilianguka juu ya kochi la mama, na kaka yangu akacheka. Alikuwa na nyundo mkononi na vumbi mpaka kwenye kope.

"Msiogope," akasema. "Nabomoa kwa amani."

Kwa amani! Mteja wangu alikuwa chini ya drai, nusu ya nywele bado mbichi kwa sababu umeme ulikuwa umekatika tena, na vumbi la ukuta linampaka poda ya bure. Nilimwambia arudi kesho. Akakataa katakata. Saluni yangu ilikuwa hapo hapo sebuleni, na umbea ulikuwa unapikwa mbele ya macho yake; nani angeondoka?

Nikikumbuka, bado nashika kichwa. Maana hatukuwa wajinga. Miaka mingi nyaya nene za shirika kubwa zilipita juu ya mapaa yetu kwenda viwandani, zikivuma kama nyuki, na sisi huku chini tunatafutana kwa vibatari. Tulipochoka kuomba tukaungana, mtaa mzima, tukajenga sola yetu wenyewe: paneli nyuma ya ukumbi, betri ndani ya chumba cha zege, mita kila nyumba. Siku taa zilipowaka nilimkumbatia jirani ambaye hata salamu tulikuwa tumenyimana.

Kisha tukakaa kikao cha kugawana, na hapo ndipo akili zilituruka.

Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu. Tulimwita Mizani, na jina alilipenda. Akasimama akasema, "Jiko moja, fungu moja. Hakuna mkubwa, hakuna mdogo. Hatukaliwi tena vichwani." Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Hakuna aliyeuliza kila jiko linalisha midomo mingapi. Ukimaliza fungu lako, mita inajizima mpaka kesho yake asubuhi.

Sasa nyumba yetu ilikuwa stendi. Mama, mimi na wanangu, kaka, wifi, watoto wao, na binamu wanaokuja kwa wiki moja na kukaa mpaka wanaoa. Wifi alikuwa na friza ya barafu na juisi. Mimi na drai yangu. Jua likifika utosini, mita kimya, barafu inalia machozi, mteja ananitukana. Ng'ambo ya barabara, Bwana Redio, kapera mwenye taa moja na redio, alikuwa na fungu kamili kama letu. Taa yake aliiacha iwake mchana kweupe.

"Ya nini?" nikamuuliza.

"Nisije nikadhulumiwa, dada."

Tulimwomba atuachie kinachobaki. Mwenyewe alikubali, kamati ikakataa. "Umeme si chumvi," Mizani akatujibu, "wa kuombana mlangoni."

Ndiyo maana kaka akashika nyundo. Akatoboa mlango wa nje upande wa nyuma, na matofali yale yale akayatumia kuziba korido iliyotuunganisha. Nyumba mbili, majiko mawili, mafungu mawili. Mtaa mzima ulikuwa unafanya hivyo. Milango ilikaribia kuwazidi watu.

Kamati ikaja kukagua. Wifi alikuwa ameweka jiko lake huko nyuma, na sufuria mpya ambayo hata stika haijabanduliwa. Mizani akaitazama sufuria, akaitazama stika, akamgeukia mama.

"Mama, hawa mnakula nao?"

Mama hakuwahi kudanganya, hata umri wake aliutaja bila kuulizwa.

"Hatuli pamoja," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu waliponichosha."

Tukacheka wote, mpaka Mizani. Fungu likapita. Jioni ile tulijazana kwa mama tukala sufuria moja, tunaigiza sura ya mwenyekiti mpaka tunapaliwa. Lakini kamati ikaanza kuvizia saa za chakula. Basi tukasema, kila mtu ale kwake, kwa muda tu, mpaka waache.

Kwa muda tu. Wifi akagundua anaweza kupunguza chumvi bila kuulizwa na mtu. Kaka akazoea kula akitoka kazini, bila kusubiri. Binamu wakajigawa, wengine huku, wengine kule. Mama aliendelea kupika chungu nzima na kumwaga. Siku moja nilimsikia mwanangu akimwambia mwenzake, "Wale ni wa nyuma." Nikamfokea mpaka akalia, na mimi mwenyewe sikujua kosa lake ni lipi.

Mafungu yakazidi betri. Umeme ukawa unakufa mtaa mzima kabla ya magharibi. Kikao kikaitishwa, nikapanda juu ya benchi nikapiga kelele, "Hesabuni vichwa, achaneni na majiko!"

"Mbona hamkusema siku ile?" Mizani akauliza.

"Siku ile tulikuwa tunapiga makofi, mwalimu."

Wakapitisha. Kila nyumba kwa watu wake, na cha Bwana Redio kinachobaki kinarudi kwa wote. Nilizunguka mbio mpaka kwa wifi, kanga inanidondoka.

"Imeisha! Tubomoe ule ukuta leo leo."

Wifi alikuwa anasugua ile sufuria. Akamtazama kaka. Kaka, mbomoaji wangu wa amani, akatazama vidole vya miguu yake.

"Wifi," mkewe akaniambia taratibu, bila ubaya wowote, "watoto wameshazoea kula mapema."

Ningegombana ningepona. Sikupewa hata wa kugombana naye. Nikarudi kwa kuzunguka nje. Drai ilikuwa inanguruma, taa zote zinawaka, na mama ameshika upawa juu ya sufuria yake kubwa.

"Wanakuja?"

"Umeme sasa utatutosha, mama."

"Sijakuuliza habari za umeme," akasema.