Fishi ya Ng'ombe Kumi na Tisa

Siku ya tano ya mafunzo ya mradi wa mifugo, Yvette alikuwa bado anachoma sindano kwenye papai bichi. Alikuwa amechunga ng'ombe tangu utotoni katika mabonde ya upande wa Kabambare, akawazalisha na kuwatoa kupe, lakini mradi ulitaka papai limshuhudie kwanza. Ng'ombe pekee katika ukumbi ule wa Kasongo alikuwa wa kwenye picha ukutani, mnene, wa nchi ambayo hakuna aliyekuwamo mle aliyewahi kufika.

Alivumilia kwa sababu ya sanduku. Anayemaliza mafunzo angepewa sanduku la mganga wa mifugo: sindano, kipimajoto na dawa ya ugonjwa wa mapafu. Mwaka jana ugonjwa huo uliua ng'ombe kumi na tisa kijijini kwao, huku huduma ya mifugo ikiahidi kila wiki kwamba gari liko njiani. Na sasa ndama mmoja alikuwa ameanza kukohoa.

Hippolyte, mtumishi wa huduma hiyo na mwalimu wao, alipita kati ya madawati akigongagonga kalamu kwenye fishi, zile karatasi za kujaza alizokuwa amewagawia.

"Kama hakuna fishi, hakuna sanduku. Jina ya mwenye ngombe, hesabu, na fasi zinalala. Murudishe saa nane."

"Shefu, fasi zinalala ni ya nini?" aliuliza Esther-Divine, jirani wa Yvette dawatini, akishangaa kuulizwa mahali ng'ombe wanapolala. "Dawa inachomwaka muchana."

"Mama, njo vile bakubwa banaomba."

Alitabasamu, lakini Yvette hakulipenda tabasamu lile.

Wakati wa mapumziko alimkuta mjomba wake Ayoubu nje, ameegemea baiskeli yenye gunia la chumvi ya mifugo aliyoinunua sokoni.

"Ile fishi uliandika nini?" aliuliza mzee.

"Kweli, muyomba. Ngombe kumi na moja, bonde yote."

Ayoubu aliangaza huku na huko kama kuna anayesikia. Kwao mtu haweki ng'ombe wake wote zizi moja. Mmoja atamlaza kwa shemeji, wawili kwa rafiki ng'ambo ya mto, ili janga likipiga mahali pamoja lisimmalize. Ng'ombe yupi ni wa nani, hata mgeni wa heshima haulizi. Yvette, kwa bidii ya mwanafunzi mzuri, alikuwa amewakusanya wote kwenye karatasi moja.

"Mwaka jana batu ba mafishi bapita kwa bale ba ng'ambo," Ayoubu alisema taratibu. "Kisha juma mbili, batu ba bunduki bakakuya. Zizi ya kwanza kwa fishi, njo ya kwanza baliiba. Ya pili, ya pili. Hata njia habakuuliza."

"Ni Hippolyte aliandika ile?"

"Sijui. Mi nasema tu, habakuuliza njia."

Yvette alimkasirikia Hippolyte, lakini alijikasirikia yeye mwenyewe zaidi. Fishi ikirudi na ukweli, bonde zima litakuwa mikononi mwa mtu asiyemjua. Isiporudi, sanduku halipo, na ndama anakohoa.

Alirudi ukumbini peke yake. Bahati nzuri alikuwa ameandika kwa penseli. Alikata kipande cha ndala yake, akasugua jina moja moja mpaka karatasi ikawa na ukungu wa kijivu. Halafu akaandika upya, bila haraka. Mwenye ng'ombe: Yvette na jamaa zake. Hesabu: kumi na tisa. Mahali: chini ya mlima, karibu na mawe meupe, kando ya kijito kilichokauka. Hapo ndipo walipowafukia wale waliokufa, mashimo kumi na tisa, wanaume wakichimba na wanawake wakibeba mawe ya kuwazuia fisi.

Saa nane Hippolyte alisoma, akainua nyusi.

"Kumi na tisa! Mama, ulikuwa unaficha utajiri." Akapiga muhuri.

Akamsukumia sanduku. Yvette alilifungua palepale. Kulikuwa na sindano mbili, kipimajoto na kofia yenye nembo ya mradi. Alipapasa mpaka chini.

"Dawa iko wapi, shefu?"

"Dawa itafuata. Kwanza timu itakuya kwenu kuona hizi ngombe na macho. Bakizihakikisha, njo dawa itatoka."

Kwa hiyo ilikuwa hivyo. Hata kama angesema ukweli, sanduku lingekuwa hili hili. Alitamani kulia, na alitamani kumrushia kile kipimajoto usoni. Akafunga sanduku, akalibana kwapani, na ile kofia akaiacha mezani.

"Bakuye, shefu. Mi mwenyewe nitabapeleka."

"Muzichunge muzuri, zisitoke pale."

"Hazitatoka," alisema Yvette. "Ziko pale zinangojea hiyo dawa tangu mwaka jana."