Ua Katika Damu ya Desderius

Kiini kilikuwa kimechanua. Nikasogeza kioo chini ya darubini, nikatazama chembe nyeupe ya pili, ya tatu: viini vyote vimegawanyika kama petali za ua, wakati kiini cha chembe za aina ile hutakiwa kuwa duara kama punje ya njegere.

"Rangi imeharibika," nikajiambia, nikasonya. Ilikuwa Januari 1979, vita vimepamba moto, na rangi ya maabara yetu pale Biharamulo tulikuwa tukiichuja na kuitumia tena hata mara tatu, kwa uhaba. Nikaandika: Hakuna malaria. Hakuna kitu.

Damu ile ilikuwa ya Desderius, mkulima wa Bisibo. Tezi za shingo zilimvimba, ngozi ilijaa vinundu. Miezi miwili hakuonekana kwenye shamba la kijiji, na sasa alikuwa ameshindwa kwenda mgambo. Mwenyekiti wa kijiji alimleta mwenyewe. Akaisoma karatasi yangu kwa sauti, wagonjwa wote barazani wakisikia.

"Hakuna kitu! Si nilisema? Mwoga tu huyu." Akamtupia ile karatasi.

Desderius aliiokota. Hakumtazama mwenyekiti, alinitazama mimi. "Dada, hata wewe?"

Yaliniuma maneno yale, tena yaliniudhi. Mimi Bernadetha niambiwe hivyo! Walipoondoka nikajichoma kidole, nikapaka damu yangu kwenye kioo, nikaitia rangi ileile. Viini vyangu vilikuwa duara, vyote. Rangi haikuwa na kosa lolote.

Nililia palepale kwenye kiti. Kesho yake nikaenda Bisibo kwa baiskeli na karatasi nyingine, daktari ameisaini: Ana ugonjwa mbaya wa damu. Jina lake hatulijui. Chini nilikuwa nimeichora ile chembe kwa penseli, mtu asije akabisha. Mwenyekiti aliisoma kimya.

Desderius alikufa Kwaresima ya mwaka uleule. Mkewe, Auleria, alitaka karatasi ile ya pili isomwe makaburini, na mwenyekiti ndiye aliyeisoma, kwa sauti, neno kwa neno.

Miaka kumi baadaye, nikiwa masomoni, nilifungua kitabu nikaliona ua lile. Lilikuwa na jina: leukemia ya seli T ya watu wazima, aina ya saratani ya damu. Likizo ilipofika nikaenda Bisibo.

"Shikamoo, mama. Nimelipata jina."

"Marahaba." Auleria alilirudia jina mara mbili, polepole. Kisha akafungua sanduku, akatoa karatasi zote mbili. Ile yenye mchoro akairudisha. Akanipa ile ya kwanza, iliyosema Hakuna kitu.

"Liandike hapa," akasema.

Nikaliandika.