Tunda Jepesi

...na hili nalo ni jepesi, alilihisi kabla hata ya kulichuma, jepesi kama yale mawili aliyoyapasua sasa hivi akakuta ute tu, mbegu hata moja hamna, basi kisu kikae hapo hapo juu ya ganda, kisiingie kwanza, Asnakech, mzalishaji wa mbegu, akakishikilia tu, jua la bonde la Awash kisogoni, tumbo tupu, maana Kwaresima hakuna anayetia kitu mdomoni kabla ya saa tisa, na hapo ndipo yeye na wenzake walipojiroga wenyewe, kwani anayepasua nyanya shambani huipasua aile, na wote wamefunga, wakawa wanapita mistarini wakihesabu matunda kwa macho, wakishangilia, usiku una joto la kuua chavua, mimea mingine yote imemwaga maua, huu umezaa! nani angekumbuka kuutazama tumboni...

"Etete, dada mkubwa, pasua basi!" Belachew, msaidizi wake, kutoka kivulini. "Au unamngoja kasisi alibariki?"

"Nyamaza, njaa inakusemesha," akajibu, sauti kavu... vizazi sita, kila ua kalichavusha kwa mkono wake, baba ile nyanya chachu ndogo ambayo chavua yake haifi kwa joto, mama ile nene tamu, akadhani mtoto amerithi nguvu ya baba, kumbe karithi ujanja mwingine, wa kuvimba bila kutungwa mimba, tunda lisilo na mtoto, na siku ya kuchavusha binti yake Meklit alilala na homa, naye akamwacha kwa shangazi yake, maua hayangoji, alisema, na homa je, ingengoja? ilingoja, bahati tu, si akili yake... na Mama Dinkinesh, ng'ambo ya mfereji, ambaye kila Kwaresima watu wakizitaka nyanya kuliko wakati wowote yeye shamba lake lina maua makavu chini, alimwambia, "Mwanangu, maneno tumeshiba, tuletee mbegu," naye akamjibu, kabla ya mvua utapata, andaa tuta, andaa tuta! mbegu ipi sasa... angeweza kusema halijaiva, saa tisa ikifika alile lote peke yake, tungoje mengine, uongo mdogo, ungempa msimu mzima wa kupumua, mshahara unaingia, anayengoja ofisini hali vumbi, ila Dinkinesh angetifua, angetia samadi, angeacha kupanda vitunguu ambavyo angalau huota, angengoja kwa mgongo wake...

"Etete! Jua litakuua!"

Liue basi, akawaza, wala hakusogea, kisu hakikuingia, na akagundua kwamba haombi tena, hata moyoni, lile tumaini la mbegu moja iliyojificha limekwisha bila kuaga, kilichobaki ni kuvuka mfereji leo hii, na ulimi mzito, akitafuta pa kuanzia, habari za nyumbani, wajukuu hawajambo, saumu inaendaje, hapana, mlangoni pale pale, kabla hajakaribishwa kiti: mama, usilime.