Mama Radi Alipokuja Kudai Mikono

Usiku wa jana niliota nasikia chupa ya chai ikipumua gizani. Wenye chupa za zamani mnaujua mlio wake: kizibo kimelegea, mvuke unatafuta njia, tsii, kimya, halafu tsii tena. Nikainuka nikikaze. Chupa ikaniomba nisubiri kidogo, ilikuwa inaongea na mgeni.

Nikauliza mgeni gani. Ikasema ni mlinzi wa blogu yangu, yuko nje muda mrefu, na kwa baridi hii ya Mbeya si vizuri kumsimamisha mtu mzima mlangoni.

Kabla sijaendelea, niwaeleze mambo mawili, maana kati ya wasomaji wangu kumi na mmoja wapo wawili wapya.

La kwanza, mimi nasoma uchoraji katika darasa la jioni, Jumanne na Alhamisi. Baba Sekela akirudi kazini, ndipo nami natoka. Humu kwenye blogu naweka michoro yangu na kuandika kuhusu tamthilia ya Mama Radi, ile ya Jumamosi saa moja jioni, ya mwanamke anayedaka radi kwa mikono mitupu kabla haijafika kwa watu. Mwanangu Sekela ana miaka minne. Watoto wengine huangalia tivii wamekaa. Yeye Mama Radi humwangalia amesimama, mikono imebana kwenye mapaja, kama yuko paredi.

La pili ni gumu kidogo kuliandika. Alhamisi hii tuna mtihani: kuchora mtu mzima, mikono yote miwili ionekane. Asiyefaulu haendi mwaka wa pili. Nami mikono siiwezi. Nikichora uso, mtu anasimama kutazama. Nikichora mikono, yanatoka mafungu mawili ya karoti. Baba Sekela alinitania kwamba si vidole vitano tu, kuna nini cha kumshinda mtu hapo. Nikampa penseli. Akachora, akatazama alichochora, akaenda kuosha vyombo bila kuombwa.

Basi jana jioni niliandika ujumbe wa kumuaga Mwalimu Kajigili, kwamba naacha darasa kwa sababu za kifamilia. Sikuutuma. Nililala na simu mkononi.

Turudi kwenye ndoto.

Nafungua mlango. Nje ni mchana kweupe. Amesimama mwanamume ambaye ni vichwa saba na nusu, kimoja juu ya kingine, na hana kitu kingine zaidi ya hivyo. Sikushtuka. Mwalimu Kajigili anatufundisha kila siku kwamba mtu mzima aliyesimama ni vichwa saba na nusu kutoka utosini hadi nyayo, kwa hiyo nilijua huyu vipimo vyake viko sawa. Nusu ilikuwa chini kabisa, paji la uso na macho tu, ndiyo aliyokanyagia.

Nikamwamkia. Kichwa cha juu kikasema marahaba. Cha pili kikaendelea kunitazama. Nikaelewa, nikakiamkia nacho. Nikashuka hivyo hivyo, shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba, mpaka cha saba. Nusu haikuwa na mdomo. Ilifumba macho na kuyafumbua, nikaona hiyo inatosha.

Kichwa cha nne ndicho kilikuwa msemaji. Kikanieleza kwamba kuna malalamiko ndani ya blogu. Wakazi hawawezi kufungua milango yao.

Tukaingia. Blogu ni jengo refu, na kama mnavyojua chapisho jipya hukaa juu na la zamani chini, kwa hiyo unaingilia ghorofa ya juu kabisa na kushuka. Mwanga unatoka upande mmoja tu, kushoto, kama tunavyoagizwa darasani. Upande wangu wa kulia ni mweusi tii. Nageuka kumtazama mlinzi, sasa wa kushoto ndio mweusi, na wa kulia unanishukuru.

Kila chumba kina Mama Radi mmoja, kama nilivyomchora. Wa juu kabisa ameficha mikono nyuma ya joho. Anayefuata ameitia mfukoni. Wa mwezi wa tano amebeba gunia la mkaa, na gunia limeifunika yote. Wa Pasaka amesimama nyuma ya ukuta mfupi ambao hata mimi sijui ni wa nyumba gani. Na yule mliyempenda sana, niliyemzamisha mikono kwenye ndoo ya unga mpaka viwikoni, yupo vilevile, ameinama, tangu Januari.

Wote wananitazama kwa adabu. Hiyo ndiyo iliyonikwaza, ile adabu. Wa ndoo ananiuliza taratibu kama najua huo ugali ni wa watu wangapi.

Nasema sijui.

"Hamna shida, mdogo wangu," anasema. "Ni kwamba tu nilitaka kujipangusa pua."

Nikampangusa. Tukaendelea kushuka.

Kwenye ngazi tukakutana na maoni. Mmoja wenu, msomaji wa Songea, ndiye aliyeyaandika, nayo yamevaa suti ya kijivu na kushika mkoba. Yakasimama katikati ya ngazi, yakajitambulisha kwamba ni maoni ya tarehe kumi na nne.

"Nilisema mikono iliyofichwa ni ishara ya subira ya mama," yakasema. "Ukanijibu kwamba nimeona mbali."

"Nilijibu hivyo."

"Tangu siku hiyo, dada yangu, sijakaa chini. Nasubiri kujua kama ni kweli."

Kichwa cha sita kikakohoa. Vingine vikatazama ukutani. Nilikuwa na jibu moja zuri sana, kuhusu sanaa na ukimya, nililolisoma mahali. Lakini yale maoni yalikuwa yamesimama kwa miezi, na viatu vyake vilikuwa vipya.

"Si ishara," nikasema. "Siwezi kuchora mikono. Naificha."

Maoni yakafikiri. Halafu yakaketi kwenye ngazi, yakavua viatu, yakanyoosha vidole vya miguu. Yakasema asante, yalikuwa yanaumia kweli. (Msomaji wa Songea, hayo ndiyo majibu yako. Nisamehe kwa kuchelewa. Uliandika vizuri kuliko nilivyochora.)

Ghorofa ya chini kabisa, kwenye chapisho langu la kwanza, hapakuwa na chumba. Palikuwa na soko la Mwanjelwa, upande wa mitumba, jua la utosini, na hakuna mtu hata mmoja anayeita wateja. Juu ya lundo la masweta ameketi Mama Radi mwenyewe, yule wa kwenye tivii. Joho limemfunika mpaka kidevuni. Ni mrefu kuliko nilivyodhani, na ana mafua.

"Karibu, Mama Sekela," anasema. "Ningekupa mkono, lakini hali unaijua."

Nikamwambia kwa heshima kwamba kwenye tivii mikono anayo, kila mtu ameiona. Akakubali. Ila akasema tivii ni Jumamosi kwa Jumamosi, na siku nyingine zote Sekela hulala akimtazama niliyemchora mimi. Mtoto akimwita kichwani, anamwita kama alivyo kwenye daftari langu. Naye huenda kama alivyoitwa.

"Leo ameniita," akasema. "Tazama."

Akaelekeza kwa kidevu. Mwisho wa safu ya mitumba ni sebule yetu, na Sekela amesimama mbele ya tivii na gauni lake la kulalia, mikono kwenye mapaja, anasubiri tamthilia ianze. Juu yake hakuna paa. Kuna wingu la rangi ya risasi ya penseli, lililopakwa kwa kukandamiza. Radi ilikuwa ya saa moja. Saa ya ukutani ilisema saa moja kasoro dakika tano.

Nikakimbia kwenda kumtoa. Nilikimbia vizuri tu, lakini kwa ile sheria ya darasani, kwamba mistari yote hukutana mbali na vya mbali huwa vidogo, kadiri nilivyokwenda ndivyo nilivyozidi kuwa mdogo. Nilipofika saizi ya kidole gumba nikaona haina maana, nikarudi.

"Nichoree mkono," Mama Radi akasema. "Mmoja unatosha kwa leo."

Nikamwambia Mwalimu ametukataza kuchora tunachokijua, tuchore tunachokiona, na pale soko zima halikuwa na mkono wa kutazama.

"Na mimi?" sauti ikasema.

Ulikuwa mkono wangu wa kushoto. Una sauti nzito, kama ya shangazi. Haukuwa na hasira, ulikuwa umechoka tu kusubiri zamu yake.

"Miaka minne nambeba mtoto ubavuni ili mwenzangu wa kulia achore," ukasema. "Hujanitazama hata siku moja."

Nikauomba msamaha. Ukasema tusipoteze muda, wenyewe utakaa kama ulivyozoea. Ukajikunja, kiganja juu, kama Sekela yuko juu yake amelala.

Nikautazama. Kidole cha mwisho kimepinda kidogo kwenda nje, sikuwahi kukijua. Chini ya gumba kuna kovu la mafuta ya maandazi. Kucha ya kidole cha kati ina mstari. Miaka yote nilikuwa nachora vidole vitano na kutafuta mahali pa kuvichomeka. Kumbe vidole vinakuja baadaye. Kwanza kuna kiganja, nacho ni kiti. Mtu amekaa hapo, vidole vinamzuia asianguke.

Karatasi haikuwepo, kwa hiyo nachora kwenye pindo la joho lenyewe. Nachora kiti. Nachora vya kuzuia. Namaliza, nahesabu. Vidole ni sita.

Kifutio kikatoka mfukoni mwangu, kikafungua kikao. Ajenda ilikuwa moja, nani atoke. Gumba likasema kila mtu anajua bila lenyewe hakuna kushika. Kidole cha shahada kikasema kina kazi ya kuhesabu watoto barabarani. Cha pete kikaonyesha pete na kukaa kimya. Cha mwisho kikasema hakitaki kuonewa kwa sababu ya udogo wake. Kikao kikawa kirefu. Saa moja kasoro dakika moja. Sekela hajatikisika.

Ndipo kimoja cha katikati kikanyoosha kidole, yaani kikajinyoosha.

"Ni mimi," kikasema. "Wenzangu amewaona. Mimi amenichora kwa mazoea."

Kikatuaga mmoja mmoja, vichwa vyote saba na nusu, kikashuka kwenye joho na kwenda zake kwa mguu upande wa stendi. Nilisikitika kidogo. Lakini utaratibu ulifuatwa.

Mama Radi akatoa mkono nje ya joho. Akaugeuza huku na huku kama mtu anayejaribu kiatu dukani, akapiga hatua moja, akawa sebuleni kwetu. Radi ikashuka. Haikuwa na kishindo kama cha tivii. Ilishuka kama maji ya moto yanayomwagika mezani. Naye akaidaka kama tunavyodaka sufuria bila kitambaa, haraka, uso haubadiliki, kwa sababu mtoto yuko karibu. Kisha akarudi nayo sokoni, akailaza juu ya masweta, ikapoa.

Sekela akapumua. Akakaa chini, miguu mbele, kama watoto wengine.

Nikauliza, na mkono wa pili je?

"Huo utanichorea ukiwa macho," Mama Radi akasema. "Na Alhamisi, mbele ya watu."

Nikamwambia naogopa. Akasema hata yeye radi anaiogopa sana, ndiyo maana hufika mapema. Halafu akapiga chafya, na soko lote likazimika.

Niliamka kumekucha. Baba Sekela amelala mdomo wazi, blanketi lote amelivuta kwake. Simu ilikuwa chini ya shavu langu, na ujumbe wa Mwalimu Kajigili haujaenda. Niliufuta kabla sijavaa ndala.

Sekela hakuwa kitandani. Nilimkuta sebuleni amepanda kigoda, daftari langu la kuchorea liko wazi mezani, ukurasa wa Mama Radi mwenye joho. Huyo nilimchora Jumapili na kumwacha amefunikwa mpaka kidevuni. Nawaandikia nikiwa na akili zangu timamu: pindoni mwa joho kulikuwa na mkono, kiganja juu, kidole cha mwisho kimepinda kwenda nje. Wa pili haupo, pameachwa peupe.

Sekela alikuwa amelaza kiganja chake juu ya kile cha kwenye karatasi, na hakukiondoa aliposikia nakuja. Nikamuuliza kwa sauti ya chini anafanya nini.

"Mama, mkono wake una joto."