Kiti cha Maiki ya Pili

Waya aliitwa hivyo kwa mambo mawili: wembamba wake, na mkoba wa nyaya ambao hakuuacha nyumbani hata akienda msibani. Alikuwa fundi wa sauti, mfungaji wa vyombo kwenye harusi na mikutano, na katika kazi hiyo hababaishwi na mtu. Kwa hiyo Shangazi Mdogo alipomwita asubuhi moja aje amrekodi nyimbo zake kabla koo halijamgomea, Waya aliiona hiyo ni kazi ya kufanya huku mtu anapiga miayo.

Shangazi Mdogo alikuwa pacha. Mwenzake, Shangazi Mkubwa, alifariki mwaka uliopita. Walikuwa chanda na pete, na tangu usichana waliimba kwaya moja: mdogo akishika sauti ya kwanza, mkubwa akishika ya pili, ile nene inayopita chini kwa chini na kuubeba wimbo mzima.

"Weka maiki mbili," Shangazi alisema, akisogeza kiti kitupu karibu na chake.

"Mbili za nini, Shangazi? Si uko peke yako?"

"Sijazoea kuimba bila ya pili pembeni. Niwekee tu, mwanangu. Utapungukiwa nini?"

Waya hakubishana. Aliitoa betri saa ya ukutani isije ikaingiza mlio wake kwenye rekodi, kisha akaiweka miksa yake ndogo mezani, kati ya vikombe vya chai. Alishusha vitufe vyote, akachomeka waya wa maiki ya Shangazi kwenye chaneli ya kwanza, akamwomba aimbe kwa nguvu zake zote. Alipandisha nguvu taratibu mpaka taa nyekundu ikakonyeza, akarudisha nyuma kidogo. Maiki ya pili, iliyoelekea kiti kitupu, aliichomeka ili kumridhisha mzee. Vitufe vyake aliviacha sufuri. Spika hakufunga kabisa. Wa kusikia kinachopita kwenye miksa alikuwa yeye tu, kwa hedifoni.

Wimbo wa kwanza ulianza vizuri. Kwenye ubeti wa pili Waya akasikia sauti nyingine chini ya ile ya Shangazi. Alidhani maiki ya pili inadokoa sauti ya Shangazi kutoka pembeni, jambo la kawaida. Halafu akakumbuka kwamba vitufe vyake viko sufuri, na maiki iliyo sufuri haidokoi kitu. Alitazama: taa ya kijani ya chaneli ya pili ilikuwa inacheza.

Akazima ya kwanza asikilize ya pili peke yake. Shangazi alikuwa ameketi hatua moja tu kutoka kwenye maiki ile, lakini sauti yake haikuwemo hata chembe. Ilikuwemo ile nene, na kabla ya kila mstari ilivuta pumzi puani, kama alivyozoea kufanya marehemu. Akauchomoa waya wa pili.

Shangazi akakatisha wimbo katikati ya neno. "Mbona umemtoa?"

"Nimemtoa nani?"

"Usinichezee, wewe. Mrudishe."

Shangazi hakuwa na hedifoni. Hakuwa ameangalia hata upande wa miksa. Waya akauchomeka waya tena, akaiwasha na chaneli ya kwanza, na wimbo ukaendelea.

Sasa sauti nene ilipanda yenyewe bila kuguswa, na ya Shangazi ikaanza kushuka. Waya aliongeza nguvu ya chaneli ya kwanza, akaongeza tena, mpaka kitufe kikafika mwisho na kugoma. Taa ya kwanza ikafifia, ikazimika. Shangazi bado alikuwa amefumbua mdomo, mishipa ya shingo imemtoka. Waya akavua hedifoni. Sebule ilikuwa kimya kabisa. Mdomo ulikuwa unaimba na hakuna kilichotoka. Akazivaa tena: sauti zote mbili zilikuwa kwenye chaneli ya pili, zinaimba pamoja, na ile ya Shangazi ilikuwa changa, ya msichana.

Miguu ilimtaka akimbie. Alijikaza kisabuni, akapiga magoti mbele ya kile kiti na kusogeza mdomo kwenye maiki.

"Shikamoo, Shangazi Mkubwa. Ni mimi. Tunakukumbuka kila siku. Lakini huyu tuachie kwanza. Baba hana dada mwingine aliyebaki."

Wimbo ukakoma. Mtu akavuta pumzi, karibu kabisa na sikio lake.

"Kidomo," ile sauti nene ilisema. Jina hilo la utotoni, la mtoto asiyefunga mdomo, aliyemwita nalo alikuwa Shangazi Mkubwa peke yake. "Haya. Nitasubiri."

Taa ya kijani ikazimika. Shangazi Mdogo akakohoa, akajiegemeza kitini, na sauti ikamrudia, imechakaa kama kitambaa cha kudekia.

"Umemwambia nini?"

Waya akavua hedifoni, akaziweka mezani.

"Kusanya nyaya zako utoke kwangu."

Nyumbani, Waya alisikiliza rekodi. Chaneli ya kwanza ilikuwa na wimbo wa Shangazi mpaka pale ulipofifia. Ya pili ilikuwa tupu.

Shangazi hakumpokelea simu kwa miezi. Waya alipomlalamikia baba yake, baba alimwambia, "Mpe muda. Dada yangu amefiwa mara mbili." Baba alikuwa amesimuliwa yote, na hakucheka wala hakusema ni uongo.

Siku Shangazi alipomwita, Waya alikwenda mikono mitupu, bila mkoba. Alimkuta anakunja nguo. Sauti yake ilikuwa bado na mikwaruzo. Kuimba hakuimba tena.

"Nataka kujua kitu kimoja tu," Shangazi alisema. "Alikujibu nini?"

"Alisema atasubiri."

Shangazi aliendelea kukunja, akalaza nguo juu ya nguo. Halafu akacheka kidogo, cheko la kukwaruza.

"Hata kuzaliwa alinitangulia," alisema. "Nikamsubirisha nusu siku nzima. Shika ncha hiyo, shuka hili ni kubwa."