Ziwa Lilivyokwenda Kutoa Maoni

Asubuhi ya mkutano, Adoyo aligeuza dagaa wake kwanza. Walikuwa wametandazwa juu ya nyavu chakavu kwenye mwalo mdogo wa Ilemela, ukingoni mwa ziwa, chini ya mawe makubwa, na yeye alipita kati yao ameinama, akitoa kwa vidole manyoya ya ng'ombe. Manyoya hayo yalitoka kwenye bomba la kiwanda cha ngozi kilichokuwa upande wa pili wa mawe. Kila jioni bomba lilifunguliwa, maji ya kahawia yenye povu yakamwagika ziwani, na kila asubuhi Adoyo alichambua dagaa kama watu wengine wanavyochambua mchele.

Wiki ile Odeta, mteja wake mkubwa kutoka Kisesa, alikuwa amemrudishia gunia zima.

"Mama Okomo, usinifikirie vibaya," Odeta alimwambia. "Kwa macho dagaa wako hawana tatizo. Ila wateja wangu wanasema wananuka kiatu."

"Kiatu gani?"

"Kipya."

Adoyo alichukua konzi moja akanusa. Kilikuwa kiatu kipya kweli, tena cha kwendea harusini.

Siku mbili baadaye gari la matangazo likapita. Lilisema kutakuwa na mkutano wa kukusanya maoni juu ya kanuni mpya za kuzuia uchafuzi, na kwamba wananchi na wadau wote wanakaribishwa. Adoyo alikuwa amekwisha kwenda kwenye mikutano ya namna hiyo. Mwaka juzi aliambiwa muda umekwisha. Mwaka jana alipewa kipaza sauti, umeme ukakatika, na uliporudi watu walikuwa kwenye chakula.

Basi asubuhi ile, alipomaliza kuchambua manyoya, aliingia majini mpaka kwenye vifundo vya miguu akasema na ziwa. Aliliita Nam, yaani ziwa kwa Kijaluo, kama alivyoliita bibi yake aliyemlea kule Rorya.

"Nam, mimi nimechoka kukusemea. Leo njoo useme mwenyewe."

Akanawa mikono, akajifunga kitenge chake kizuri, akaanza kupanda kilima kwenda ukumbini. Alipofika kwenye duka la kwanza aligeuka, akaona ziwa linamfuata.

Halikuja lote. Mitumbwi iliyokuwa ikivua mbali iliendelea na kazi yake. Lilikuja la kutosha tu, upana wa barabara na kina cha kisigino, likipanda kati ya mawe polepole kama mtu mzima mwenye magoti mabovu. Lilikuwa na povu lake na manyoya yake. Adoyo aliona aibu kidogo, aibu ile ya kuongozana mjini na ndugu ambaye hajaoga. Lakini alikuwa amelialika mwenyewe, na asingeweza tena kuliambia lirudi likabadilishe nguo.

Kwenye kijiwe cha bodaboda, Mayala, dereva aliyezoea kumbebea magunia yake, aliinua miguu akaiweka juu ya tangi la pikipiki ili ziwa lipite.

"Mama Okomo, mnaelekea wapi?"

"Kwenye maoni."

"Na hilo?"

"Nalo ni mdau."

Mayala aliafiki. "Sawa. Ila mkirudi mpite njia ya juu. Hapa mnatuharibia barabara."

Mlangoni mwa ukumbi alikuwa ameketi mzee mmoja wa Kisukuma, kofia magotini. Alilitazama ziwa likifika, akalisalimia, "Mwangaluka." Ziwa likagonga kizingiti taratibu, naye akaona limeitikia vizuri.

Aliyeandikisha waliohudhuria alikuwa Precious, mfanyakazi wa manispaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Huyu uliyekuja naye anaitwa nani?"

"Ziwa."

"Jina la pili?"

Adoyo alisita. Jina la pili alilijua, ila siku zote aliliona kama nguo ya kuazima. "Viktoria," alisema.

"Ziwa Viktoria," Precious alirudia akiandika. "Anakaa wapi?"

"Hapo chini."

"Kazi?"

Adoyo aliwafikiria wavuvi, na wachuuzi wa samaki, na yeye mwenyewe. "Andika amejiajiri."

Precious aliandika. Kalamu yake ilifika kwenye nafasi ya namba ya simu, akayatazama maji, akairuka nafasi hiyo.

Ziwa likaingia. Kwanza lilitafuta nafasi nyuma, karibu na ukuta, kisha kwa kuwa ndivyo lilivyo, likajisawazisha likakaa ukumbi mzima. Ilikuwa saa tatu kamili, saa iliyotangazwa. Mwenyekiti alifika karibu saa sita. Muda wote huo ziwa lilisubiri kwa heshima, ila lilikuwa likipanda kidogo kidogo kama mtu anayeanza kuishiwa na subira, na watu wakahamisha mikoba yao kutoka sakafuni kwenda mapajani, na kutoka mapajani kwenda mabegani.

Mwenyekiti aliitwa Ndalahwa, mheshimiwa mstaafu mwenye sauti nene na pengo kubwa mbele. Alikuwa na meno ya bandia zamani, lakini yalimponyoka yakaangukia majini siku moja akiwa kwenye kivuko, wakati akicheka hadithi ya mtu. Alivua soksi mlangoni akampa dereva wake, akakunja suruali, akapita katikati ya watu akiwapa mikono.

"Ndugu wadau," alisema, na kila herufi ya "s" ilitoka na upepo, "nashukuru sana kwa mahudhurio. Naona leo hata ziwa lenyewe lipo. Huu ndio uwazi tunaousema."

Wakapiga makofi. Waliokaa walikuwa na maji kifuani, kwa hiyo waliinua mikono juu ndipo wakapiga.

Kanuni zilisomwa moja moja. Adoyo alikuwa amekuja kwa ajili ya kifungu cha kumi, na kiliposomwa alikipenda hapo hapo. Kilisema ni marufuku kwa mtu yeyote kumwaga ziwani maji machafu ambayo hayajasafishwa. Hakikuwa na zaidi. Aliona hata yeye angekiandika hivyo hivyo.

Akasimama wakili wa kiwanda. Aliitwa Nathaniel, mtu mpole, na katika ukumbi mzima ni yeye peke yake aliyekuwa amekuja amevaa tai na suruali ndefu ya mpira kama ya wavuvi wa jarife.

"Kwa heshima zote, mheshimiwa mwenyekiti. Mteja wangu anaunga mkono kifungu hiki kwa asilimia mia. Anapendekeza tu maneno 'ni marufuku' yaondolewe, na mahali pake yawekwe 'inashauriwa kuepuka, pale inapowezekana'."

Wakati akisema hayo, ngozi mbichi ya ng'ombe yenye muhuri wa kiwanda ilikuja ikielea mpaka ikamgusa kiunoni. Nathaniel aliisogeza kwa ncha ya kalamu, kwa adabu, kama anayempisha mtu kwenye foleni.

"Mpaka leo," aliendelea, "hakuna ushahidi wowote kwamba kuna kitu kinatoka kiwandani na kufika ziwani."

Ngozi ikaenda kwa aliyefuata, naye akaisukuma mbele.

Baada yake alisimama mtaalamu wa kiwanda, ambaye ilibidi apande juu ya kiti. Alizungumzia povu. Alisema povu lenyewe si jambo baya, linaweza hata kuashiria usafi, kama tunavyoona wakati wa kufua. Povu la kutilia shaka ni lile linalozidi kimo cha binadamu. Mtu mmoja aliuliza binadamu gani. Mtaalamu alipangusa povu kwenye kidevu chake, akasema binadamu wa wastani.

Adoyo alikuwa ameinua mkono tangu mwanzo. Mwenyekiti alimwona alipoishiwa na watu wengine. Kipaza sauti kikapitishwa juu ya vichwa mpaka kikamfikia, na safari hii umeme ulikuwepo.

"Naitwa Adoyo, nakausha dagaa hapo chini," alisema. "Dagaa wangu wananuka kiatu. Ndugu zangu wameacha hii kazi, wengine wamerudi nyumbani, na mimi sijui kazi nyingine. Naomba hicho kifungu kibaki kama kilivyo. Mengine atasema niliyekuja naye."

Ndalahwa alitazama karatasi ya mahudhurio. "Mdau Ziwa Viktoria. Dakika tatu, tafadhali. Na tusirudie yaliyokwisha kusemwa."

Kipaza sauti kikashushwa mpaka karibu na maji. Kisha maji ya katikati yakaanza kuzunguka, yakajikusanya, yakakohoa.

Kilikuwa kikohozi kirefu cha kifua, cha mtu aliyekizuia miaka mingi ili asiwasumbue wenyeji. Kila lilipokohoa kitu kilitoka. Yalitoka manyoya mafungu mafungu. Zikatoka kwato. Yakatoka madebe ya dawa ya kulainishia ngozi, yenye picha ya fuvu, na ngozi nyingine, na nyingine tena. Watu walijibanza ukutani kuzipisha. Adoyo alijikuta ameweka kiganja juu ya maji, akiyapigapiga taratibu kama mtoto anavyopigwapigwa mgongoni.

"Pole," alisema kwa sauti ndogo. "Pole, Nam. Toa tu. Toa yote."

Mwisho ziwa likakohoa kitu kidogo cheupe. Hicho halikukiacha kielee ovyo. Lilikipeleka moja kwa moja mpaka meza kuu, likakiweka mbele ya mwenyekiti. Yalikuwa meno yake.

"Haya ni yangu," Ndalahwa alisema kwa furaha ya kweli. Akafungua chupa ya maji ya dukani, akayasuuza. Akafungua chupa ya pili, akayasuuza tena. Ndipo akayavaa, akang'ata mara mbili kuyajaribu.

"Tunamshukuru mdau," alisema, na sasa maneno yalitoka yamenyooka. "Ameonyesha uaminifu wa hali ya juu. Lakini hoja yake sijaisikia."

Adoyo alikuwa bado amesimama. "Samahani, mheshimiwa. Umeyasuuza na maji ya chupa."

"Ndiyo, mama."

"Na hapo ulipo una maji mpaka kwapani."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Alicheka mzee wa mlangoni, alicheka Precious, alicheka mtaalamu juu ya kiti chake. Nathaniel alijaribu kujizuia, akashindwa. Ndalahwa mwenyewe alicheka kuliko wote, maana alikuwa amepata meno ya kuchekea. Kicheko kilikwenda kikarudi juu ya maji, na kwa muda mfupi moyo wa Adoyo ulitulia. Aliamini mambo yamekwisha. Aliona haiwezekani watu wacheke hivyo, wote pamoja, kwa jambo moja wanalolijua, kisha waendelee kusema hawalijui.

"Swali zuri sana," Ndalahwa alisema akifuta machozi. "Ila haliko ndani ya kifungu cha kumi."

Chakula cha mchana kikafika. Sahani za pilau ziliachiwa mlangoni zikaelea zenyewe mpaka kwa kila mtu, na wengi walikiri kwamba maandalizi ya mwaka huu yalikuwa mazuri kuliko ya mwaka jana. Baada ya kula, mwenyekiti alisoma maazimio. Kifungu cha kumi sasa kilisema inashauriwa kuepuka kumwaga maji machafu ziwani, pale inapowezekana. Kwa kutambua mchango wa mdau aliyejitokeza, iliongezwa sentensi ya kulipongeza ziwa kwa ushirikiano wake. Kila aliyehudhuria alipewa cheti cha ushiriki. Cha ziwa Precious alikuwa amekifunika kwa plastiki, na kwa hilo Adoyo alimshukuru kwa dhati.

Vitu vilivyokoholewa vilibaki ukumbini. Kabla watu hawajatawanyika, mtu wa manispaa aliwapigia simu kiwandani kwamba wana mali yao huku, na lori likatumwa kuichukua.

Adoyo na ziwa waliteremka pamoja kwa njia ya juu. Hakujua aliambie nini. Alijisikia kama mtu aliyempeleka mgonjwa hospitali ya mbali, wakapokewa kwa adabu, wakarudishwa bila dawa. Lakini ziwa lenyewe lilionekana jepesi. Lilikuwa limetua mzigo wake wote kule juu, na sasa lilikuwa likiteremka kwa haraka kidogo, likipiga kelele ndogo kwenye mawe. Adoyo alitazama chini, ndani ya maji, akaona kokoto. Akasimama, akainama kuhakikisha. Aliona kokoto na vidole vyake mwenyewe, na kucha moja iliyopasuka.

Walipofika mwaloni jua lilikuwa bado lipo. Ziwa likaingia ndani ya ziwa. Sehemu iliyotoka mkutanoni ilionekana waziwazi katikati ya kahawia, pana na angavu kama dirisha.

"Njooni na ndoo!" Adoyo aliita.

Majirani walikuja mbio. Hakuna aliyeuliza kitu, maana kila mmoja aliijua ratiba ya kiwanda. Walichota kwa ndoo, kwa masufuria, kwa madumu. Shemeji yake Ooko alichota, akaenda akamimina kwenye pipa, akarudi kuchota tena. Mama mmoja alimwogesha mtoto hapo hapo, akimkazania masikio, kama anayewahi gari.

Kisha upande wa pili wa mawe bomba likakoroma, likatema. Maji ya kahawia yalizunguka mawe bila haraka. Watu wakatoka ziwani mmoja mmoja, wakasimama ukingoni na vyombo vyao, wakatazama dirisha likifungwa kuanzia pembeni.

"Mkutanoni wamesemaje?" Ooko aliuliza.

"Wametusikiliza," Adoyo alisema, akainama, akajitwisha ndoo yake.