Baiskeli ya Kukunja na Hongo ya Mzee Mbaruku

Yotham alikuwa na sababu nyingi za kununua baiskeli ya kukunja, na karibu zote alizitunga baada ya kuipenda. Hilo analikubali mwenyewe siku hizi, tena kwa kucheka. Wakati ule ungemwambia, mngegombana.

Sababu ya kweli ilikuwa moja tu, na jina lake Mwalimu Abdulrazaki. Huyu alifundisha Takwimu saa mbili asubuhi. Saa mbili ikifika alifunga mlango kwa ufunguo, akautia mfukoni, akaanza kufundisha. Yotham alikuwa amepanga chumba Msalato, mbali na chuo, na mlango ule aliufahamu zaidi kwa nje. Mwishowe Mwalimu alimwita pembeni. "Kijana, ukikosa kipindi kimoja tu tena, mtihani wangu hufanyi. Utarudia mwaka." Kurudia mwaka maana yake ni kwenda kwao Mvumi kumweleza mama, na Yotham afadhali angeambiwa amwogeshe simba.

Basi ikawa baiskeli. Mtu mwenye akili timamu na mfuko wa mwanafunzi angechukua ile ndefu nyeusi yenye keria pana, inayobeba mkaa na madumu ya maji na hailalamiki. Yotham hakuitaka hata kuisikia. Alikuwa amekesha na simu akitazama video za baiskeli za kukunja mpaka bando likakata: vijana wa nchi za watu, suti safi, wanashuka, wanazikunja kacha, kacha, wanaingia ofisini na baiskeli mkononi. Akapiga hesabu. Mwenye nyumba hataki baiskeli koridoni, hii italala uvunguni. Chuoni ukiiacha nje wananyofoa siti, hii ataingia nayo darasani. Hesabu zilikaa vizuri kabisa. Kilichopungua ni hela tu.

Sokoni alikwenda na Gladness, mwanafunzi mwenzake, dada anayekuambia ukweli hata kama hujamwomba. Muuzaji wa mitumba ya Japani alikuwa na baiskeli tatu za kukunja. Ya kwanza ilikuwa na gia na bei ya kumfanya mtu acheke peke yake. Ya pili bei yake ilizungumzika, ila tairi za saizi ile hazipatikani Dodoma nzima, na kwa mbigili za Msalato hilo ni pambo la ukutani. Ya tatu, rangi ya machungwa, ilikuwa rahisi kuliko zote.

"Mbona hapa imefungwa waya?" Gladness aliuliza, akigusa bawaba ya katikati, pale fremu inapokunjikia.

"Komeo lilikatika," muuzaji akasema bila kuficha. "Ukipata jingine, sawa. Ukikosa, uendeshe taratibu."

"Yotham, chukua ile nyeusi."

"Kwani ile nyeusi inakunjika?"

"Haikunjiki. Ndiyo uzuri wake!"

Yotham akacheka kile kicheko cha mtu anayejua zaidi, akalipa.

Jioni ile Msalato nzima ilimjua. Kila jirani alisema, "Hebu ikunje tuone," na yeye, bila haya, akaikunja, akaikunjua, akafunga waya, akafungua waya. Kuna mama alikuwa anapita zake tu na wala hakuomba. Alionyeshwa vilevile. Akalala akiwa na furaha, simu haina bando, baiskeli uvunguni.

Asubuhi akatoka mapema. Njia yake ilipita Majengo, na huko akakuta turubai limefungwa juu ya nusu ya barabara. Wanaume wamekaa kwenye mikeka, wanawake wamejaa barazani. Msiba. Sasa, hata mtoto anajua kwamba ukifika penye msiba unashuka kwenye baiskeli, unaikokota, unatoa pole, ndipo unaendelea. Yotham naye anajua, amelelewa. Lakini akilini aliuona mlango wa Mwalimu unafungwa, akamwona na mama yake. Akaamua kupita juu ya baiskeli, ila polepole, kofia mkononi, kichwa kainamisha kwa heshima. Heshima gani hiyo, mwenyewe anauliza leo.

Mbele ya nyumba yenyewe waya ukakatika, na baiskeli ikafanya kile ilichonunuliwa kufanya. Ilikunjika. Ilikunjika naye akiwa juu, gurudumu la mbele likalifuata la nyuma, mguu wake ukabaki katikati, na kengele ikalia chini ya makalio yake.

Yotham akainua uso, akaona kitu kibaya zaidi: darasa lao zima lipo, Gladness barazani kaziba mdomo kwa kanga, wavulana mkekani. Na pembeni yao, ndani ya kanzu nyeupe, Mwalimu Abdulrazaki. Baba yake, Mzee Mbaruku, alikuwa amefariki jana yake. Taarifa ilitumwa usiku kwenye grupu la darasa, kwamba kipindi hakuna na wote waje kumzika mzee. Kila mtu aliisoma isipokuwa yule aliyemaliza bando kwa kutazama baiskeli.

"Mtihani kwishney," Yotham akajisemea pale chini. Kupita msiba wa baba wa mtu umepanda baiskeli!

Ndipo sauti ya kikongwe ikatoka barazani. Ni Bibi Mwanamvua, dada wa marehemu. "Wewe kijana, kabila gani?"

"Shikamoo, Bibi. Mgogo. Mgogo wa Mvumi."

"Mgogo! Jamani, mtani kafika! Mbukwa, mtani!" Bibi akamwamkia kwa Kigogo, akapiga makofi. Ukoo wao ni Wanyamwezi waliokuja na misafara wakabaki hapa, na Mnyamwezi na Mgogo ni watani, na kwenye msiba mtani ana kazi yake: kufanya vituko, ili wafiwa wapate kupumua. "Babu zenu walitutoza hongo, ushuru wa njia, tukikatiza nchi yao na mizigo yetu. Leo mmeona hiyo haitoshi, mnatuangukia hadi mlangoni!"

Barazani wakaangua kicheko. Mikekani nako wakacheka. Mwalimu peke yake hakucheka. Alikuwa akiitazama mikono yake, na macho yalikuwa makavu. Yotham akakaa nyuma ya wenzake, goti linavuja damu, hakuthubutu kumsogelea.

Saa nne jeneza likatolewa. Bibi Mwanamvua akaita tena, sauti imekwaruza. "Mtani! Ndiyo umemaliza, au ulifuata pilau?"

Yotham alimtazama Mwalimu anavyolifuata jeneza, midomo kaibana. Yule mtu wa ufunguo alikuwa mtoto wa mtu tu, kafiwa na baba. Moyo ukamuuma. Akainuka, akaiburuta baiskeli yake ya machungwa, akailaza katikati ya njia, akasimama nyuma yake.

"Hapiti mtu! Hii ni Ugogo. Msafara huu haujalipa hongo."

"Eeeh!" watu wakaitikia. Wabebaji wakasimama. Mmoja akatoa sarafu, Yotham akaikataa. "Wapagazi hawalipi. Alipe mwanawe."

Mwalimu akainua uso. "Unataka nini?"

"Mlango wako, Mwalimu. Uuache wazi dakika kumi."

Darasa zima likashika vichwa. Mwalimu akamkazia macho, kisha mabega yakaanza kutikisika. Yotham akajua amekwisha. Kumbe mwenzake anacheka, na kicheko kile kikayatoa machozi yaliyokataa kutoka tangu jana, yakamwagika mpaka kwenye kanzu.

"Lia, mwanangu, lia," Bibi Mwanamvua akamwambia toka barazani.

"Tano," Mwalimu akasema, akijifuta kwa mkono wa kanzu. "Nyie Wagogo mna tamaa. Dakika tano, na siongezi."

"Nimepokea." Yotham akajaribu kuikunja baiskeli aiondoe, ikagoma. Akaikumbatia hivyohivyo kifuani, akasogea kando, akalitazama jeneza. "Pita, mzee wangu. Njia ni yako."

Mwalimu akatia bega chini ya jeneza la baba yake, na msafara ukapita.